MAISHA YA SAMUEL MORSE, FUNDI WA WAYA INAYOJIBU



Katika somo la fizike kuna majina matatu ambayo wengi wetu tunayanakili ubaoni na kuyasahau kabla ya mtihani: simpleksi, nusu-dupleksi na dupleksi. Ni majina ya namna tatu ambazo habari inapita kati ya pahali na pahali. Tuliona kwamba kuyaeleza kwa kanuni peke yake haitasaidia sana. Basi tumechagua kuyaeleza kwa njia ya maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, lakini jina lake linajulikana hata na skauti wadogo wa hapa Butembo na Beni. Ni Samuel Morse, yule wa alfabeti ya nukta na mstari.

Tunaomba kila mmoja asome mpaka mwisho, sababu katika maisha ya mtu huyu kuna mambo ya kusifu na kuna mambo ya kuhuzunisha, zaidi kwetu sisi Waafrika. Hatutayaficha.

MTOTO WA PASTA

Samuel Finley Breese Morse alizaliwa tarehe 27 Aprili 1791 katika mji wa Charlestown, karibu na Boston, inchi ya Marekani. Baba yake, Jedidiah Morse, alikuwa pasta wa Kiprotestanti, tena mwandishi wa vitabu vya jeografia vilivyosomwa katika shule nyingi za kule. Nyumbani kwao watoto walilelewa kwa Biblia na kwa vitabu. Samuel alisoma katika koleji ya Yale, akamaliza mwaka wa 1810. Pale alisikia masomo juu ya umeme, yakampendeza. Lakini moyo wake ulikuwa katika kazi nyingine kabisa: kuchora sura za watu kwa rangi. Hata akiwa mwanafunzi alikuwa akichora picha ndogo ndogo za watu na kuziuza, ili apate kulipa madeni yake.

Wazazi hawakufurahia sana kazi ile, lakini mwishowe wakakubali. Mwaka wa 1811 kijana alivuka bahari kwenda London kujifunza uchoraji, akakaa huko mpaka 1815. Aliporudi alianza kuzunguka mji kwa mji, akichora wenye feza. Katika mwaka wa 1818 akaoa Lucretia Pickering Walker. Mungu akawapa watoto, lakini feza ilikuwa kidogo, na baba alikuwa safarini mara kwa mara. Wengi wetu tunayajua maisha ya namna hiyo: baba yuko Kisangani ao Kampala juu ya biashara, mama na watoto wako nyumbani, na kila siku watu wanangoja habari.

BARUA ILIYOCHELEWA

Mwanzo wa mwaka wa 1825 Morse alipata kazi kubwa. Mji wa New York ulimwomba achore picha ya jenerali Lafayette, yule Mfaransa aliyesaidia Wamarekani katika vita vya uhuru wao. Morse akaenda Washington, pahali alipokuwa jenerali. Bibi yake alibaki New Haven, karibu kilometa 480 kutoka pale, akiwa ametoka kuzaa mtoto wa tatu.

Tarehe 7 Februari 1825 Lucretia akafa gafula kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka 25 tu. Baba yake Morse akaandika barua ya kumjulisha mwana. Siku zile zile, kule Washington, Morse naye alikuwa akimwandikia bibi yake barua juu ya kazi yake na juu ya wakubwa aliokutana nao. Kumbe alikuwa akimwandikia mtu ambaye hayuko tena duniani. Ile barua ya baba ilipofika, Morse aliacha picha bila kuimaliza, akapanda magari ya farasi kurudi kwao. Alipofika New Haven, mazishi yalikuwa yamekwisha. Hakuona hata uso wa bibi yake.

Tuangalie vizuri jambo hili. Barua ya furaha na barua ya kilio zilipishana njiani, na hakuna iliyoweza kuijibu nyingine. Barua ikiisha kutumwa, aliyeituma hajui kama imefika, hajui kama imesomwa, hajui kama yule anayeandikiwa yu mzima. Ni sawa na mtu anayepaza sauti toka mlima mmoja hadi mwingine, kiisha anaingia nyumbani na kufunga mlango.

Watu wengine hupenda kusema kwamba Morse alitengeneza telegrafu juu ya kilio kile. Sisi hatusemi hivyo, maana kati ya kifo cha Lucretia na wazo la telegrafu ilipita miaka saba nzima, na katika miaka ile Morse aliendelea kuchora. Lakini mtu aliyekosa mazishi ya bibi yake hahitaji kufundishwa ubaya wa habari inayochelewa.

WAZO LA MERIKEBUNI

Katika mwaka wa 1829 Morse alirudi Ulaya kuendelea na uchoraji. Mwaka wa 1832 alipanda merikebu yenye jina la Sully katika bandari ya Le Havre, Ufaransa, ili arudi kwao. Mezani, abiria walizungumza juu ya umeme. Daktari mmoja, Charles Jackson, alieleza namna umeme unavyopita katika waya ndefu kwa mara moja, na namna sumaku ya umeme inavyofanya kazi. Hapo Morse akawaza hivi: kama umeme unaweza kuonekana mwisho wa waya, basi unaweza kuchukua maneno. Akachukua daftari, akaanza kuchora vyombo vyake kabla merikebu haijafika.

Lazima tuseme kweli. Morse hakuwa wa kwanza. Katika Ujerumani, Gauss na Weber walikuwa na waya yao ya telegrafu mwaka wa 1833. Katika Uingereza, Cooke na Wheatstone walipata hati ya telegrafu yao mwaka wa 1837. Katika Marekani yenyewe, mwalimu Joseph Henry alikuwa amekwisha kutengeneza sumaku za umeme zenye nguvu kuliko zote. Morse alikuwa mchoraji, hakuwa mtu wa sayansi. Alichokuwa nacho ni kichwa kigumu: akiisha kushika jambo haliachi.

Na umaskini haukumwacha. Alikuwa mwalimu wa uchoraji katika chuo kikuu cha New York, lakini mshahara haukumtosha. Mwaka wa 1837 wakubwa wa serikali walikataa kumpa kazi ya kuchora picha kubwa katika jumba la Bunge, jambo lililomvunja moyo kabisa. Akaacha rangi. Chombo chake cha kwanza cha kupokea telegrafu alikijenga juu ya fremu ya mbao, ile ile ambayo wachoraji hutandikia kitambaa cha picha. Hivi kazi iliyokufa ikazaa kazi mpya.

Watu wawili walimsaidia sana. Wa kwanza ni Leonard Gale, mwalimu wa kemia, aliyemfundisha mambo ya Joseph Henry: kuongeza batri, na kuzungusha waya mara nyingi zaidi kwenye sumaku. Zamani chombo cha Morse kilishindwa kupita meta chache. Sasa umeme ulipita kilometa 16. Wa pili ni Alfred Vail, kijana fundi ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha chuma. Mwezi wa Januari 1838, katika kiwanda kile, walionyesha telegrafu yao kwa waya ya karibu kilometa tatu iliyozungushwa nyumbani.

Telegrafu yao ilitumia pia kifaa tunachokiita rele. Umeme ukisafiri mbali unachoka. Lakini hata ukichoka bado unaweza kuvuta kichuma kidogo, na kichuma kile kikifunga njia ya batri nyingine, umeme mpya unaanza safari. Ni sawa na wachukuzi wa zamani: mmoja akichoka, mwingine anapokea mzigo pale pale.

Alfabeti nayo ilitengenezwa kwa akili. Herufi zinazotumika mara nyingi zilipewa alama fupi. Herufi e, ambayo Kiingereza kinaitumia kupita zote, ilipewa nukta moja tu.

WAYA YA KILOMETA 60

Kutoka hapo Morse alingoja miaka mitano. Bunge la Marekani halikutaka kutoa feza, wengine walimcheka. Mwishowe, mwezi wa Machi 1843, Bunge likakubali kumpa dola 30.000 ajenge waya kati ya miji ya Washington na Baltimore. Ni urefu wa kilometa 60 na kitu, unaopita kidogo njia yetu kutoka Butembo hadi Beni.

Kwanza waliweka waya ndani ya bomba chini ya udongo. Kazi ikaharibika, umeme ukapotea, na feza nyingi ilikuwa imekwisha kutumika. Ndipo wakageuza shauri, wakasimamisha miti na kuning'iniza waya juu. Ndiyo namna ambayo dunia nzima iliiga baadaye.

Tarehe 24 Mei 1844, katika jumba la Bunge kule Washington, Morse alipeleka habari ya kwanza mbele ya wakubwa. Msichana mmoja, Annie Ellsworth, ndiye aliyechagua maneno, akayatoa katika Agano la Kale, kitabu cha Hesabu, sura ya 23, mstari wa 23. Wapenzi watafute wenyewe katika Biblia zao. Watu wengi huishia hapo wanapoeleza siku ile. Lakini sisi tunataka kuonyesha jambo lililofuata. Kule Baltimore, Alfred Vail alipokea maneno yale, kiisha akayarudisha yote kwa Morse kwa waya ile ile. Wale waliosimama Washington wakayaona yanarudi. Hapo ndipo walipojua kwamba habari imefika kweli.

Jibu hilo ndilo jambo ambalo barua ya 1825 ilikosa.

NJIA TATU ZA HABARI

Sasa turudi kwa yale majina matatu.

Ya kwanza ni simpleksi, ni kusema njia ya upande mmoja. Mmoja anapeleka siku zote, mwingine anapokea siku zote. Radio tunayosikiliza nyumbani ni hivyo. Msemaji wa Radio Okapi, iliyoanza kusikika mwaka wa 2002, anasema, na sisi Butembo tunasikia. Lakini tukilijibu lile sanduku, hakuna atakayesikia isipokuwa jirani. Kengele ya shule ni hivyo pia. Njia hii si mbaya. Inafikia watu wengi mara moja, na kwa gharama kidogo. Ubaya wake ni mmoja: anayepeleka hajui kama amesikiwa.

Ya pili ni nusu-dupleksi, tuseme njia ya zamu. Wote wawili wanaweza kupeleka na kupokea, lakini si wakati mmoja. Mmoja akisema, mwingine ananyamaza, kiisha wanageuzana. Wazee wetu wanakumbuka vizuri foni, ile radio ya kusemezana iliyokuwa katika misioni, hospitali na kwa wafanyabiashara kabla simu za mkono hazijafika. Unabonyeza kifungo na kusema, ukimaliza unamwambia mwenzako kwamba ni zamu yake, unaachilia kifungo, unasikiliza. Anayebonyeza hasikii kitu. Wawili wakibonyeza pamoja, hakuna anayesikia mwenzake.

Telegrafu ya Morse ilikuwa katika namna hii ya pili. Waya iko moja, na kila mwisho una chombo chake cha kupiga na cha kupokea. Tena ilikuwa na faida ambayo foni haina: katika waya za Marekani umeme ulikuwa ukipita saa zote, na mpokeaji alipokosa kufahamu aliweza kufungua chombo chake na kukata umeme. Mpelekaji aliona mara moja kwamba mwenzake anamsimamisha, akaacha kupiga, akasikiliza.

Ya tatu ni dupleksi, njia ya pande mbili kwa wakati mmoja. Simu ni hivyo. Ukiongea na ndugu yako wa Beni, unaweza kucheka wakati yeye anasema, naye anakusikia. Simu ya mkono inafanya hivyo kwa kutumia mawimbi ya namna mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, ili yasigongane.

JIBU AMBALO WATU HAWAKULISADIKI

Siku chache tu baada ya ile 24 Mei 1844, njia ya zamu ilionyesha nguvu yake. Chama cha Demokrati kilikuwa na mkutano mkubwa katika mji wa Baltimore, kuchagua watu watakaosimama katika uchaguzi. Walimchagua James Polk kuwa mgombea wa urais, na Silas Wright kuwa wa pili wake. Lakini Wright hakuwa mkutanoni; alikuwa Washington. Vail akapeleka habari kwa waya. Wright alisimama karibu na Morse, akaisikia, na pale pale akajibu kwamba hapana, hataki. 

Mkutano haukusadiki. Iliwezekanaje mtu aliye kilometa 60 mbali ajibu kabla mkutano haujatoka? Wakamwuliza tena, akakataa tena. Mwishowe wakatuma watu mpaka Washington wakamwone kwa macho. Wajumbe wale waliporudi walileta jibu lile lile ambalo waya ilikuwa imekwisha kulileta. Basi wakachagua mtu mwingine, George Dallas. Kutoka siku ile telegrafu haikuchekwa tena.

Hapa kuna somo. Njia ya kujibu haitoshi. Lazima pia kuwe na mtu anayekubali kusikia jibu, hata kama jibu lile si lile alilolitaka. Na jambo hilo linatupeleka kwa ule upande wa kuhuzunisha wa maisha ya Morse.

MASIKIO YALIYOFUNGWA

Mwaka wa 1830, Morse akiwa Roma, maandamano ya Kikatoliki yalipita barabarani. Yeye hakuvua kofia, na askari mmoja akaipiga ikaanguka. Jambo lile lilimkaa rohoni. Badala ya kumkasirikia askari mmoja, akawachukia Wakatoliki wote. Aliporudi kwao aliandika makala katika gazeti la Kiprotestanti la ndugu zake, akisema kwamba Wakatoliki wanaohamia Marekani wanakuja kuiharibu inchi. Mwaka wa 1835 makala yale yakatoka kama kitabu, na mwaka wa 1836 akasimama katika uchaguzi wa meya wa New York kwa ajili ya mawazo hayo. Alishindwa vibaya.

Sisi ni wanafunzi wa shule ya Kiprotestanti, lakini tunasema wazi kwamba alikosea. Hapa kwetu mashemeji, wajomba na majirani wetu wengi ni Wakatoliki. Wakati wa kilio tunakaa nao kwenye mkeka mmoja.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Morse alitetea utumwa wa watu weusi. Mwaka wa 1863, wakati Rais Lincoln alikuwa amekwisha kutangaza uhuru kwa watumwa wa majimbo yaliyoasi, Morse alitoa kijitabu akishikilia kwamba utumwa unakubaliana na mapenzi ya Mungu, na akatumia Biblia kuwa shahidi wake. Mtoto wa pasta, aliyefungua telegrafu yake kwa neno la Biblia!

Je, hakuna aliyemjibu? Walikuwako. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akakimbia, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka wa 1845, mwaka mmoja tu baada ya ile waya ya Washington na Baltimore. Mwaka wa 1847 akaanzisha gazeti lake mwenyewe. Alihubiri mji kwa mji. Jibu lilikuwa likifika kila siku, katika lugha ambayo Morse aliijua, katika inchi yake mwenyewe. Lakini Morse alikuwa amebonyeza kifungo cha kusema, hakukiachilia. Yule aliyewapa watu wa mbali njia ya kujibizana, yeye mwenyewe juu ya jambo hili alikuwa radio ya upande mmoja.

Hatuelezi haya ili tumtupe Morse. Telegrafu yake ilikuwa kazi njema. Lakini tujifunze kwamba mtu anaweza kuwa na akili nyingi ya vyombo, akawa na Biblia mkononi, na bado akafunga masikio. Hatari hiyo haikumalizika naye.

MIAKA YA MWISHO, NA YALIYOKUJA BAADA YAKE

Mwaka wa 1848, baada ya kukaa mjane miaka 23, Morse alioa tena. Bibi yake wa pili, Sarah Griswold, alikuwa na shida ya kusikia na kusema, na walizaa watoto wanne. Telegrafu ikaenea. Mwaka wa 1854 mahakama kuu ya Marekani ikathibitisha haki yake, na mwaka wa 1858 serikali za Ulaya zikakusanya faranga 400.000 za Ufaransa kumpa asante. Yule mchoraji maskini akawa tajiri.

Tarehe 10 Juni 1871 sanamu yake ilifunuliwa katika bustani kubwa ya New York. Jioni ile, mbele ya watu wengi, salamu zake za kuaga zilipigwa kwenye waya hadi kwa watelegrafu wote, na mzee akapiga kwa mkono wake mwenyewe herufi za jina lake. Tarehe 2 Aprili 1872 akafa, akiwa na miaka 80.

Mwaka ule ule wa 1872, waya za Marekani zilianza kutumia dupleksi ya Joseph Stearns wa Boston. Wilhelm Gintl wa Austria alikuwa ameijaribu tangu 1853. Mwaka wa 1874 Thomas Edison akazidi: habari nne katika waya moja, mbili za kwenda na mbili za kurudi, zote kwa wakati mmoja.

Inawezekana namna gani? Shida ni hii: mtu akipiga chombo chake, umeme wake mwenyewe unatikisa sumaku yake, na hawezi tena kusikia ule wa mwenzake. Mafundi wakafanya hivi. Umeme wa mpelekaji unagawanywa nusu kwa nusu pale pale kwake. Nusu moja inakwenda kwenye waya ndefu. Nusu nyingine inakwenda kwenye waya ya mfano iliyo chumbani mle mle, iliyopimwa ikawa sawa na ile ndefu. Nusu hizo zinaizunguka sumaku kwa pande zinazopingana, basi zinauana, na sumaku haitikisiki. Lakini umeme wa mwenzake unatokea kwenye waya ndefu peke yake. Hakuna wa kuupinga, na sumaku inautii. Kwa maneno mengine, ili umsikie mwenzako wakati wewe unasema, lazima sauti yako mwenyewe iondolewe katika sikio lako.

Alfabeti ya Morse yenyewe ilitumika baharini mpaka mwaka wa 1999, ulipoachwa mpango wa kuitumia kwa kuomba msaada wakati wa hatari.

KWETU BENI NA BUTEMBO

Msomaji anaweza kuuliza: haya yote yanatuhusu nini? Tumkumbushe miaka ya Ebola.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza ugonjwa huo katika Mangina, karibu na Beni. Kiisha ukafika Beni mjini, Butembo na Katwa. Habari nyingi zilitolewa: radio, vipaza sauti juu ya magari, karatasi ukutani. Nyingi zilikuwa kweli. Lakini njia ilikuwa ya upande mmoja. Watu walikuwa na maswali yao. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni walikuwa wakiuawa vijijini. Kwa nini magari mengi namna hii yanakuja juu ya ugonjwa, na hayakuja juu ya mauaji? Kwa nini uchaguzi wa Desemba 2018 ulisogezwa mpaka Machi 2019 kwa Beni na Butembo, wakati makanisa na masoko yalikuwa wazi? Maswali yalikosa wa kuyajibu, na pahali pa jibu uongo uliingia. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Wagonjwa walikimbia, na ugonjwa ukakimbia pamoja nao.

Lakini kulikuwa pia na namna nyingine. Katika Beni walileta vyumba vya plastiki vya kuonekana ndani. Mama aliweza kusimama nje bila hatari, akamwona mtoto wake kitandani, akasema naye, naye mtoto akajibu. Wale waliotembea nyumba kwa nyumba waliacha kuhubiri tu, wakaanza kuandika maswali ya watu na kuyarudisha kwa wakubwa. Chanjo ikakubaliwa na wengi zaidi. Ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3.470, na kati yao 2.287 walikufa. Hatusemi kwamba kusikilizana peke yake kuliumaliza. Dawa, chanjo na waganga walitumika sana. Lakini mama aliyeonyeshwa mtoto wake nyuma ya plastiki hakuwa na sababu ya kuchukua jiwe.

Basi, wapenzi, siku ya mtihani mkiulizwa juu ya simpleksi, fikirini ile barua ya New Haven. Mkiulizwa juu ya nusu-dupleksi, fikirini foni ya misioni na Silas Wright anayekataa. Mkiulizwa juu ya dupleksi, fikirini ile sumaku isiyotikiswa na umeme wake mwenyewe. Na mkiwa viongozi wa darasa, ao wazazi, ao mapasta, kumbukeni mtoto wa pasta aliyefungua njia ya kujibizana, kiisha akakataa kumsikia mtumwa.

Gazeti letu hili pia linasema bila kusikia. Aliye na jibu ao makosa ya kutuonyesha aandike kwenye karatasi na kumpa mmoja wetu. Tutalichapa katika namba inayokuja, hata kama halitupendezi.